Patasi za Baba Mikononi mwa Mtani

Kiingereza kina hammer na mallet. Nyumbani kwetu zote tuliziita nyundo, lakini hakuna mtoto aliyezichanganya. Ya chuma ilikuwa ya misumari. Ya mbao, yenye kichwa kinene, ilikuwa ya patasi tu, kwa sababu hupiga mpini bila kuupasua. Baba alijifunza useremala Tosamaganga, na mipini ya patasi zake aliichonga mwenyewe. Aliniahidi mimi patasi hizo, kwa kuwa kati ya wanawe ni mimi tu, binti, niliyeshika ufundi.

Tulipomzika Iringa alikuja mtani wetu, Mngoni, seremala mwenzangu wa Soweto, huku Mbeya ninakoishi. Watani wana haki zao msibani. Alilala kando ya kaburi akadai azikwe yeye kwanza, watu wakacheka. Kisha akaingia ndani, akatoka na mfuko wa patasi.

“Hizi zangu,” alisema. “Nyie Wahehe mnachonga nini zaidi ya mbeta za kunywea ulanzi, hiyo pombe yenu ya mianzi?”

Kitu alichochukua mtani hukombolewa. Tuliporudi Mbeya nilimpelekea jogoo, naye akanipa mfuko. Mipini yote ilikuwa imepasuka, vichwa vimechanua kama mswaki wa mti.

“Umezigonga na nini?”

“Nyundo ya chuma, dada. Ile yenu ya mbao si ya kutwangia karanga?”

Seremala mzima alijua alichokuwa anafanya. Lakini utani haushtakiwi, na anayenuna ndiye anayeonekana hana adabu. Nikacheka naye, nikaenda zangu kusubiri.

Nilisubiri mtu wao afe. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Baba yake mdogo alikuwa mgonjwa, na kila nilipokutana na mzee huyo sokoni nilimsalimia kwa heshima huku nikimpima kwa macho.

Alipofariki, msiba uliwekwa nyumbani kwa mtani wangu, nami nilifika mapema. Nililia kwa sauti kubwa kuliko wafiwa, halafu nikaingia karakana ya mtani wangu, nikatoa msumeno wake mpya, ule anaoupaka mafuta na kuufunga kwa kitambaa. Nikakaa uani, mbele ya waombolezaji wote, nikaanza kukata kuni za msiba: mbao kuukuu zilizojaa misumari.

“Nawasaidia kupika,” nilisema. “Wangoni wasije wakala maharage mabichi.”

Wazee wao walicheka hadi wakajifuta machozi. Kila msumeno ulipogonga msumari, ulitoa mlio wa kukwaruza na jino likaruka. Mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni. Alicheka pia, kwa mdomo tu.

Jioni alikuja kuukomboa. Alipitisha kidole mahali palipokuwa na meno.

“Dada, basi. Tuyamalize.”

“Tumalize nini, mtani?” nikamwambia. “Shangazi yako naye anaendeleaje?”