Akiba ya Mtoto na Kiswahili Changu

Jumapili iliyopita, baada ya ibada huku mtaani Alief, ughaibuni, niliombwa nikae mezani niwaeleze wazazi wenye kipato kidogo kuhusu akaunti ambayo serikali humwekea mtoto akiba ya masomo. Nilichaguliwa kwa sababu naandika safu hii ya Kiswahili, na sifichi kwamba nilivaa tai.

Mama mmoja Mkongomani akaketi mbele yangu na mtoto mchanga mapajani. Nikamweleza kwamba serikali "huchangia hazina ya kumwezesha mwana kugharimia elimu ya juu."

Akamkumbatia mtoto. "Iko deni?"

"La hasha! Ni uwekezaji wa muda mrefu."

Hapo akasimama, akachukua mkoba wake.

Nesi Mkenya wa meza ya jirani akamshika mkono. "Mama, ngoja. Ni pesa ya mtoto. Serikali inamwekea, wewe hulipi kitu. Akikua, itamsomesha."

"Ya mtoto yangu? Bure?"

Akaketi tena, na nesi akamjazia fomu ya maombi kwenye simu pale pale.

Akiondoka, yule mama alinishika mkono kwa huruma. "Pole, papa. Kiswahili utajua tu, polepole."

Nikamshukuru kwa Kiingereza, nisije nikaharibu tena.