Kidude cha Pazi na Kanzu za Katibu

Pazi, fundi redio wa Mapinga, shule aliiacha darasa la tano, na mwenyewe husema iliyopata hasara ni shule. Mwaka huu kaunda pawasaplai ya mezani, chombo cha kulishia vifaa umeme wakati wa kuvijaribu, kwa mikono yake. Alichukua ya kompyuta iliyokufa, akaitia kwenye kopo kubwa la biskuti, akaunga waya wa kijani na mweusi ili iwake. Wa njano ukamtolea volti kumi na mbili, mwekundu tano. Juu akabandika mita ya kuonyesha kifaa kinakula umeme kiasi gani.

"Ya dukani inanizidi nini? Rangi tu!"

Alhamisi moja akaja Mzee Shuaibu, katibu wa msikiti, kakumbatia amplifaya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hii inanyamaza katikati ya adhana, mara ya tatu sasa." Jicho likatua kwenye kopo. "Utaichomeka kwenye hicho kidude?"

"Pawasaplai hiyo, mzee, nimeiunda..."

"Kopo la biskuti! Hii mali ya waumini, Pazi, usije ukatuunguzia. Naipeleka Dar."

Akaondoka nayo. Mwaija, muuza chapati wa jirani, alicheka mpaka chapati ikaungua. "Fundi, umenyang'anywa mgonjwa kitandani!"

Pazi hakucheka. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi walishachukua redio zao, eti watarudi. Watarudi wapi! Ikitengenezwa Dar hiyo amplifaya, nani tena atamletea hata tochi? Na anayemharibia jina ni mzee ambaye feni yake, redio ya mkewe, mpaka pasi, vyote kavifufua Pazi! Siku nzima alibamiza vitu mezani, akimjibu mtu aliyekwisha kuondoka.

Alhamisi iliyofuata, baada ya adhuhuri, Shuaibu huyo, uso chini.

"Dar wamesema nzima. Leo imenyamaza tena."

"Kaa hapo!" Shikamoo siku hiyo aliisahau. Akaichomeka kwenye kopo, akaipa spika ya kujaribia. Saa nzima ikapiga, mshale wa mita umetulia tuli. "Unaona? Hii haiumwi. Mgonjwa yuko kwenu. Twende!"

Waya wa spika ulitoka msikitini, ukakatiza uani kwa Mzee Shuaibu mpaka kwenye nguzo ya spika. Juu yake zimeanikwa kanzu nne, zinachuruzika. Plastiki imelika kwa kuanikiwa, na uzito wa nguo mbichi ulizikutanisha nyaya mbili za ndani zilizobaki uchi; zikigusana, amplifaya hunyamaza. Kila Alhamisi, siku ya kufua kanzu za Ijumaa, adhana inakatika.

"Kanzu za nani hizi, mzee?"

Shuaibu akaanza kuzianua moja moja.

"Nauliza za nani! Wiki nzima nimeitwa mchoma mali, kumbe adhana inanyongwa na kanzu zako?"

"Basi, mwanangu. Kesho nitalisema mbele za watu."

Pazi akabadilisha waya. Ijumaa, baada ya swala, Shuaibu akasimama na kipaza sauti, kanzu haijakauka vizuri kwa kukosa kamba. Akaeleza yote, hakujificha, sauti ikafika mpaka barabarani.

"Kosa lilikuwa langu. Fundi Pazi ni fundi, na kile kidude chake kizima kabisa."

Nyuma ya safu Pazi akaruka kama aliyekanyaga mwiba.

"Pawasaplai! Inaitwa pawasaplai, mzee! Rudia!"