Mikono Mirefu Mwezi wa Saba

Misty Stamper aliapa akiwa bado kwenye kitanda cha uzazi kwamba binti yake Raelynn ataiona Ngome kabla hajavunja ungo. Ngome ni ile bustani ya mabembea kule Florida, na kusini mwa Ohio hakuna asiyeijua, ijapokuwa wengi tunaijua kwa picha. Misty naye aliijua kwa picha. Enzi zake shuleni, kila Januari kulikuwa na mtoto aliyerudi darasani na kofia yenye masikio ya sungura, na Misty, ambaye baba yake alikuwa ameachishwa kazi mgodini, alikuwa akiwaambia wenzake, "Sisi tunaenda mwaka ujao." Aliusema uongo huo mpaka akaolewa.

Sasa Raelynn ana miaka kumi na mmoja, mdogo wake Colt ana mitano, na Misty aliona muda unamponyoka. Mumewe Darrell, dereva wa lori la kokoto, alipoambiwa gharama ya safari alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hela hizo si bora tununue lori letu wenyewe?"

"Lori halina ngome," alisema Misty, wala hakutabasamu.

Darrell akajua mambo yameiva. Basi wakaanza kubana. Yale marejesho ya kodi ambayo serikali huwalipa wafanyakazi mwezi wa pili, na ambayo huku kila nyumba huyapangia sofa jipya, hawakuyagusa. Kila Misty alipokwenda dukani alinunua na kadi moja ya zawadi ya Ngome, yaani hela ya Ngome iliyolipwa kabisa, zile zinazoning'inia pale unapolipia, kwa kuwa kila kadi ilimpa punguzo la petroli. Kadi alizificha kwenye friza, ndani ya mfuko wa bamia, mahali ambapo hakuna mtoto anayetia mkono kwa hiari yake. Nyama ikawa ya kulungu wa Darrell, aliyempiga msituni majira ya baridi. Siku nyingine ni maharage na mkate wa mahindi, na kesho yake mkate wa mahindi na maharage. Jumamosi moja walipanga vitu nje mbele ya nyumba wakauza: televisheni kubwa, kitanda cha kichanga, hata gitaa la Darrell. Watoto walipouliza, jibu lilikuwa moja tu, hela hakuna.

Hapo ndipo penye kasoro, maana hela zilikuwepo, na watoto hawakuambiwa. Ndiyo desturi ya safari hii. Haitangazwi. Wazazi hubana mwaka mzima kimyakimya, halafu alfajiri ya safari huwaamsha watoto, huwaambia, na simu iko mkononi inawarekodi wakipiga mayowe na kulia kwa furaha. Dada yake Darrell aliwafanyia wanawe hivyo, na ile video Misty ameitazama mpaka ameikariri. Furaha ya namna ile ndiyo aliyoitaka, wala si mabembea. Alitaka kumwona mwanawe analia kwa sababu amepata. Usimcheke. Aliyekulia kwenye hakuna, hana ndoto za adabu.

Tatizo ni kwamba hata kwa kubana hivyo hazikutosha. Mwezi wa tano, mwenzake wa kazini, kwenye nyumba ya wazee ambako Misty hufua mashuka, akamnong'oneza habari za kituo cha ng'ambo ya mto wanakonunua maji ya damu. Unaegemea kiti, unachomwa sindano nene, mashine inavuta damu, inachuja yale maji ya manjano ya kutengenezea dawa, kisha wekundu unarudishiwa mwenyewe. Si haramu, na si siri. Wapo walimu wanaokwenda, wapo hata wachungaji. Unaruhusiwa mara mbili kwa wiki, na hela inaingia hapo hapo.

"Misty, wewe si ng'ombe wa maziwa," Darrell alimwambia.

"Ng'ombe halipwi. Mimi nalipwa."

"Na utawaambia nini watoto?"

"Kwani lazima niwaambie kitu?"

Mshipa wa kulia ulikuwa unajificha, kwa hiyo wakawa wanamchoma mkono wa kushoto tu, palepale kwenye kunjo la kiwiko. Wiki zilivyopita pakafanya kovu, likabonyea, na pembeni pakavilia damu. Jua la mwezi wa saba likamkuta Misty amevaa shati la mikono mirefu, jasho linamtiririka. Akirudi kutoka kituoni alikuwa mchovu, anajitupa sofani na viatu vyake, analala mdomo wazi mchana kweupe.

Jioni moja akiosha vyombo alijisahau, akakunja mikono ya shati. Raelynn alikuwa anafuta sahani.

"Mama, mkono umefanyaje?"

"Huu?" Misty akaushusha upesi. "Paka wa jirani, Bibi Opal, huyo. Ana kisirani kama mwenye paka."

Raelynn hakucheka. Aliendelea kuifuta sahani ambayo ilikuwa imekauka zamani.

Tangu siku hiyo mtoto alibadilika, na Misty aliyaona mabadiliko yote akayatafsiri alivyopenda. Raelynn aliacha kuomba kitu chochote, hata viatu vya kufungulia shule. Misty akajisifu moyoni kwamba binti anakua. Alianza kumwogesha Colt na kumpikia mayai bila kutumwa, naye Misty akasema kumbe ana msaidizi. Siku moja akiwa amelala sofani, Misty alifumbua macho akakuta kidole cha mwanawe kipo chini ya pua yake, kimetulia pale.

"We Rae! Unafanya nini?"

"Nzi, Mama. Nilikuwa namfukuza nzi."

Misty alimvuta akambusu kwenye nywele. Alipomsimulia Darrell, alisimulia kama kisa cha mapenzi. Darrell hakukipokea hivyo.

"Mwambie huyo mtoto," alisema. "Ananitazama siku hizi kama nimemwibia. Jana kaniuliza kama nyumba ni yetu."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ni ya benki, kama ya kila mtu. Nilikuwa natania. Hakucheka, Misty. Mwambie."

"Nimuharibie sasa hivi, nimebakiza kidogo hivi?" Misty alionyesha kwa vidole. "Miezi yote hii, halafu nimwambie tu hapa jikoni, akiwa na soksi za kulalia? Vumilia na wewe."

Darrell akavumilia. Ni mtu mwema, na watu wema nao wana makosa yao, mojawapo ni kunyamaza mke akishupaa.

Walichagua mwisho wa Septemba, wakati ambapo shule zimefunguliwa, bustani haina watu, na bei imeshuka. Wangeondoka Jumamosi alfajiri, waendeshe mpaka Florida bila kulala njiani, mikate yenye siagi ya karanga ikiwa kwenye sanduku la barafu. Misty alikwisha kununua fulana za familia, zote rangi moja, kaziweka kwenye buti la gari. Alikwisha kuamua hata atakaposimama kurekodi.

Alhamisi alasiri, mlango ukagongwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vya raba, kitambulisho kikining'inia shingoni. Akajitaja kuwa Bi. Hensley wa ofisi ya ustawi wa watoto.

"Samahani kwa kuja bila taarifa," alisema. "Tumeletewa wasiwasi kuhusu watoto wa nyumba hii. Naweza kuingia?"

Huku kwetu hakuna kauli inayomkata mzazi maini kama hiyo. Misty alimwona Bibi Opal ng'ambo ya barabara amesimama barazani na paka wake mkononi, na hasira zote zikaelekea huko.

"Ni huyo bibi, sivyo? Huyo mbea? Watoto wangu wanakula, wanaoga, wanasali. Anataka nini?"

"Siruhusiwi kusema ni nani. Naomba tu tuongee."

Waliingia jikoni. Raelynn alikuwa amesimama karibu na friji, amemshika Colt mkono, na Colt alikuwa amevaa koti la baridi na mkoba wa shule mgongoni, ilhali nje bado kuna joto. Misty aliliona koti, hakulielewa.

Bi. Hensley aliuliza hili na lile kwa upole. Alifungua friji, akaona kuna chakula. Kisha akasema, karibu kwa kunong'ona, "Bi. Stamper, naomba ukunje mkono wa shati lako wa kushoto."

Ndipo Misty alipojiona kama alivyokuwa akionekana miezi yote hiyo: mikono mirefu kiangazi, usingizi wa mchana, televisheni imeuzwa, hela hakuna, kutoweka mara mbili kwa wiki. Katika mji huu hata mtoto wa chekechea anajua hayo ni maelezo ya nini. Kila mtaa una nyumba yake ya wanaojidunga dawa za kulevya, na watoto wa nyumba hizo wanalelewa na bibi zao. Rafiki wa Raelynn, Shyla, ni mmoja wao. Na lile koti la Colt akalielewa: dada yake alikuwa amemvika tayari kwa kuchukuliwa.

"Siyo," alisema. "Siyo hivyo. Mungu wangu, siyo hivyo!"

Alifungua friza kwa pupa, akatoa mfuko wa bamia, akaumwaga mezani. Bamia zilitawanyika hadi sakafuni, na katikati yake zikaanguka zile kadi, zimefunikwa na barafu, kila moja ina picha ya ngome. Akatoa kitambulisho cha kituo cha damu, akatoa karatasi ya hoteli, akaenda mbio kwenye gari akarudi na fulana. Alikuwa anaongea na kulia kwa wakati mmoja, na hakujua anamweleza nani.

Colt ndiye aliyeelewa kwanza.

"Ngome! Rae, tunaenda Ngome! Tunaenda Ngome!" Alirukaruka na koti lake, anateleza kwenye bamia. Ndiyo ile furaha yenyewe, mayowe yaleyale, ila hakuna aliyekuwa akiitazama.

Bi. Hensley aliokota kadi moja, akaifuta barafu kwa kidole gumba, akashusha pumzi.

"Dada yangu," alisema, "mimi wangu niliwapeleka mwaka juzi. Mpaka leo nalipa." Akasema atapiga simu kituoni kuhakikisha, kwa kuwa lazima, na kwamba wakirudi atapita mara moja tu. Akawatakia safari njema, akaondoka.

Colt alikuwa amekwenda chumbani kuipima fulana. Misty alimgeukia binti yake. Hakuwa na haja tena ya kuuliza ni nani, lakini aliuliza.

"Ni wewe, Rae?"

"Nilimwambia mwalimu." Sauti ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka. "Shyla alisema nisiposema utakufa, kama mama yake alivyokaribia kufa. Alinifundisha kuangalia kama unapumua."

"Jamani, mwanangu. Si ungeniuliza mimi?"

"Nilikuuliza."

"Lini?"

"Tulipokuwa tunaosha vyombo. Ukasema paka wa Bibi Opal. Nilikwenda kwake, Mama. Yule paka hana kucha. Walimtoa zote kwa daktari, Bibi Opal akanionyesha miguu yake."

Misty alitaka kukasirika akashindwa, akatamani kucheka napo akashindwa. Akashika ile njia aliyokuwa ameiota miezi yote, ingawa hata yeye aliisikia sauti yake inavyolegea.

"Lakini sasa umejua, eh? Jumamosi, Rae! Florida! Sote wanne! Nilitaka uje ushtukie tu, ufurahi. Yote haya yalikuwa kwa ajili yenu."

"Najua. Asante, Mama," alisema Raelynn, kama mtu anavyomshukuru mgeni aliyemshikia mlango.

Kisha akasogea. Misty alidhani anakuja kukumbatiwa, akafungua mikono. Mtoto aliukamata mkono wa kushoto, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama kovu kwa muda mrefu. Akaushusha taratibu.

"Na wa kulia," alisema.

"Wa kulia hauna kitu, mpenzi wangu. Hawachomi huko."

"Nataka kuuona."

Misty akatazama uso ule wa miaka kumi na mmoja akaona hakuna mzaha hata chembe. Akafungua kifungo, akauvuta mkono wa shati mpaka begani. Raelynn akapitisha kidole gumba kwenye mshipa, akatenganisha vidole vya mama yake, akachungulia katikati ya kila viwili. Palikuwa safi kote. Bado hakuinua uso.

"Shyla anasema wengine wanajidunga miguuni."

Kutoka chumbani Colt alikuwa anaimba jina la Ngome. Misty alikaa chini sakafuni, katikati ya bamia zilizoanza kuyeyuka, akavua viatu, kisha soksi, moja baada ya nyingine, akainyoosha miguu mbele ya mwanawe ili aikague.