Daftari la Mahudhurio

Wanafunzi wangu wa utawala wa umma, hapa chuoni upande wa Themi, huandika vizuri sana kuhusu haki za binadamu. Huziweka kwenye aya ya mwisho, kabla ya hitimisho, mahali ambapo hazimsumbui mtu. Siwalaumu. Nami nilifundishwa hivyo hivyo: ilikuwa mada ya mwisho ya muhula, muda ukaisha, mwalimu akasema tutaisoma wenyewe. Mimi niliisoma miaka minne baadaye, nikiwa mtendaji wa kijiji kimoja kwenye mteremko wa Mlima Meru, na nikiwa nimeshazivunja haki zenyewe.

Tatizo langu pale lilikuwa mikutano ya kijiji. Watu hawakuja. Chuoni nilikuwa nimejifunza kwamba ushirikishwaji wa wananchi ndio roho ya utawala bora, kwa hiyo nikanunua daftari kubwa na kubandika tangazo ubaoni: asiyesaini mahudhurio ya mikutano mitatu mfululizo hapati barua ya utambulisho. Kwa asiyeijua, barua hiyo ni karatasi moja yenye muhuri, inayosema fulani ni mkazi wetu. Bila hiyo, milango mingi ya ofisi hubaki imefungwa.

Mahudhurio yakapanda. Wananchi walikuja, wakasaini, wakarudi migombani. Wengine walitumwa kuusainia ukoo mzima. Mkutano mmoja ulikuwa na kurasa sita za sahihi na watu wasiojaza mabenchi mawili. Wilayani walinipongeza, maana kilichofika wilayani ni kurasa.

Jumanne moja akaingia bibi mmoja, akipapasa mlango kwa mkongojo. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali ya huko chini kwa wiki hiyo tu, hadi Ijumaa. Wazee walikuwa wanapasuliwa bure, ila waje na barua ya kijiji inayothibitisha ukazi na umri.

Nikampa kiti. Nikafungua daftari. Hakuwemo.

"Bibi, hukuhudhuria mikutano."

"Mikutano gani, baba?"

"Ile iliyotangazwa ubaoni."

Akageuza uso kuelekea nilipo, au karibu na nilipo. "Ubaoni," akasema.

Nilimweleza utaratibu kwa upole, hatua kwa hatua, maana mimi ni mtu wa kuelewesha. Nikamtia moyo kwamba Jumamosi kuna mkutano, na kwa ajili yake ningeuhesabu huo mmoja kuwa mitatu.

"Jumamosi nitakuja kukusikia tu," akasema. "Kukuona sitakuona."

Wakati huo akaingia mwenyekiti wa kijiji, mtu mzima, na mabuti yake ya shambani. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyu kijana wako ananifukuza. Ila anafukuza vizuri, amenipa na kiti."

Mwenyekiti alielewa haraka. "Mtendaji, lete hilo daftari. Namsainia kurasa za nyuma, mikutano mitatu, yaishe. Si ndivyo tunavyofanya wote?"

Ndivyo tulivyofanya wote. Nikamsogezea kalamu.

"Msiniandike," bibi akasema. "Sikuwepo. Nimebaki na meno mawili na ukweli wangu, mnataka kuning'oa na ukweli?"

"Mama, ni sahihi tu."

"Kama ni sahihi tu, si mnipe barua bila hiyo sahihi?"

Nikafungua kabati nikatafuta waraka unaoniruhusu kumnyima mkazi barua. Nilisoma faili zima, yeye akisubiri. Kanuni ile ilikuwa na chanzo kimoja, nacho kilikuwa tangazo langu. Barua haikuwa zawadi yangu kwa watu wenye tabia nzuri. Ilikuwa yake kwa kuwa anaishi pale. Kazi yangu ilikuwa kuiandika. Na upole wangu haukubadili kitu. Kumkatalia mtu ukiwa umempa kiti bado ni kumkatalia.

Nikaandika. Nikagonga muhuri. Akataka nimsomee, nikamsomea mara mbili. Akaifunga kwenye pindo la kanga, kisha akauliza, "Na wale wengine uliowarudisha?"

Nikatazama daftari. Lilikuwa na kila aliyesaini. Waliorudishwa hawakuwemo, ofisi huwaandika wale inaowahudumia.

Alipasuliwa Alhamisi, jicho moja kwanza. Mimi nilibandua tangazo, nikauweka muhuri kwenye mkoba, na kwa wiki tatu zilizofuata nikapanda vijia vya huko juu, nyumba kwa nyumba, nikiuliza nani nilimrudisha. Walinicheka, wakanipa chai. Wengi walikuwa wameshajitafutia njia. "Mimi shemeji alinisainia," mmoja aliniambia, kama anayenituliza.

Nyumba ya mwisho niliyoelekezwa ilikuwa ya binti aliyetaka barua ya kuombea chuo cha uuguzi. Alikuwa ameshaolewa. Nilimkuta akikata majani ya ng'ombe, tumbo limeanza kuonekana.

"Mtendaji, umepotea njia?"

"Nimekuja kukuandikia barua yako."

Akaweka panga chini. "Ile ya mwaka jana?"

"Ile ya mwaka jana."

Akafikiri kidogo. "Basi weka tarehe ya leo," akasema. "Maombi ya mwaka huu hayajafungwa."

Nikaiandika juu ya goti, yeye akinishikia karatasi isipeperuke.