Mstari Mwekundu wa Lenox Oloo

Boksi lile nililinunua mtaa wa Karen, pamoja na feni na meza, kwa watu waliokuwa wakihama nchi. Ndani mlikuwa na gari la rali la miaka ya sabini, la plastiki, ila halikuwa gari bado. Vilikuwa vipande, kutoka injini hadi vioo vya pembeni, vyote vikingoja mtu wa kuviunganisha. Likikamilika lingefika urefu wa dhiraa moja, milango ikifunguka na magurudumu yakizunguka. Liliniozea dukani kwangu kwa mitumba, karibu na Msikiti wa Jamia jijini Nairobi, mpaka stika zake zikala unyevu na kugandana. Nikawa natafuta tu wa kuniondolea.

Akaja Lenox Oloo na mkewe, Maurine. Oloo alikuwa fundi wa rangi katika gereji ya Masila kule Waithaka, na gari langu la mizigo lilikuwa limepita mikononi mwake zaidi ya mara moja. Kisha kiharusi kikampiga, mkono wa kulia ukabaki kama umelala. Siku hiyo Maurine alikuja kununua birika la umeme. Oloo akasimama mbele ya boksi.

"Mama Naeem, hii ni ngapi?"

"Ya mtoto?"

"Ya mgonjwa."

"Mgonjwa hana bei yake. Bei ni moja."

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Maurine alikuwa amenikunjia uso, lakini aliposikia kicheko kile aliliacha birika, akafungua pochi. Wiki hiyo walichemsha chai kwa jiko la makaa.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Maurine mwenyewe, ambaye akija mjini hupita dukani kupumzisha miguu.

Masila alikuwa amemwambia Oloo wazi: "Nafasi yako nakushikia mpaka mvua iishe. Ikiisha kabla hujashika brashi, nitaandika mtu mwingine. Usinichukie." Hakumchukia. Gereji haiendeshwi kwa huruma.

Basi Oloo akaanza kujenga, mezani kwao, kwa mkono wa kushoto. Maurine akawa mkono wa kulia. Alishika vipande kwa kibanio cha kung'olea nyusi, mumewe akapaka gundi, wakigombana kama makanga wawili wa matatu moja.

"Nyar Alego, umeshika juu chini!" Humwita hivyo, binti wa Alego, hasa akiwa amekasirika.

"Si ungeoa fundi?"

Injini ikasimama, viti vikaingia, magurudumu yakazunguka. Hapo ndipo Oloo alipokosea, kosa la mtu aliyepaka magari ya chuma maisha yake yote. Alichanganya rangi nyeupe na thina ya gereji, ile dawa kali ya kuyeyusha rangi, akapulizia boneti. Plastiki si bati. Thina ilikula boneti ikajikunja kama utando juu ya maziwa moto.

Oloo akaliweka kando. Hakuligusa gari tena. Asubuhi alikaa mlangoni akitazama mvua, na Maurine, ambaye alijua mvua ile inahesabu nini, akakaa naye. Siku moja akachukua ile boneti, akamwekea mapajani.

"Gari ikigongwa hapa Waithaka, mnaitupa?"

"Hapana."

"Mnafanya nini?"

"Tunanyoosha."

"Basi."

Akamletea msasa na bakuli la maji. "Na usitumie kushoto. Kushoto inajua kazi tayari."

Mkono wa kulia ukaanza kusugua. Mwanzoni msasa ulimponyoka, Maurine anauokota, unaanguka tena. Wakapaka putty, ule uji mzito wa kuzibia mikunjo, ikakauka, wakasugua upya. Kazi ya kusugua haitaki ustadi, inataka kurudia tu, na mkono ule haukuwa na shughuli nyingine. Taratibu vidole vikaanza kubana. Boneti ilipokuwa laini kama yai, Oloo aliweza kufunga vifungo vya shati lake. Maurine anasema siku hiyo alitoka nje akajifanya anaanua nguo, ingawa kamba haikuwa na nguo.

Wakalipaka gari nyeupe, safari hii bila thina, ukabaki mstari mmoja mwekundu, kutoka boneti kupitia paa hadi nyuma. Stika yake ilikuwa imeharibika, kwa hiyo ilibidi uchorwe. Oloo akalibeba gari hadi gereji. Mvua ilikuwa imebaki ya manyunyu tu. Mimi nilikuwepo, mlango wa gari langu ukinyooshwa.

"Oloo, hiyo ni zawadi ya ndani ya pakiti ya sabuni ya unga?" mafundi wakamtania.

"Nitakugonga nayo."

Alipotaka kubandika tepu ya kuongoza rangi, Masila akamzuia. "Tepu haijawahi kuugua. Nataka kuona mkono."

Oloo akaegemeza kidole cha mwisho cha mkono wa kulia juu ya bodi, akaishusha brashi. Mafundi wakaacha kugonga bati. Mstari ukapita boneti, ukaruka kioo, ukavuka paa. Maurine alisimama pembeni mikono ikiwa nyuma, akajishika mwenyewe asimsaidie. "Mos," akasema kwa Kijaluo. Polepole.

Karibu na mwisho mstari ukayumba.

Masila akainama. "Hapa umetetemeka."

"Nimeona."

"Ingekuwa gari ya kastoma?"

"Ningefuta nirudie."

"Sasa unaningoja mimi?"

Oloo akafuta kipande kile kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akavuta pumzi, akarudia. Safari hii brashi ilifika mwisho bila kuyumba. Masila aliliangalia gari pande zote, akachukua muda wake, ndivyo alivyo.

"Njoo Jumatatu. Utaanza na milango. Boneti bado." Kisha akanigeukia. "Wako ndio wa kwanza, Mama Naeem."

"Basi nipunguzie bei," nikasema. "Huo ni mkono unaojifunza."

"Wapi!" Oloo akajibu. "Hii mkono imesoma mara mbili. Ongeza."

Mafundi wakaangua kicheko, nyundo zikarudi kazini. Oloo alikuwa bado ameikamata brashi. Vidole vilikuwa vimekaza, havikubali kufunguka. Maurine akasogea, akavifungua kimoja baada ya kingine, akaitoa brashi, akaifuta kwa leso yake.