Dole Gumba na Picha ya Marehemu

Mtaani wanamwita Dole Gumba, na jina hilo amelipata kwa jasho lake. Hutengeneza tovuti za maduka madogo. Kila akimaliza moja, huiacha kompyuta, hushika kikapu mkono wa kushoto kama mtu anayetoka sokoni, kisha huipitia tovuti nzima kwenye simu yake ya bei rahisi kwa dole gumba la kulia tu. Akikwama mahali, anaanza upya. Wateja humcheka, lakini hawamwachi.

Mama yake mdogo, fundi cherehani, hakupitia kwake. Alipofiwa na mumewe, fundi mwenzake, alitengenezewa tovuti na mtu mwingine, na juu kabisa ikawekwa picha kubwa ya marehemu akishona. Kwenye kompyuta ilipendeza. Kwenye simu picha ilijivuta kama kobe, na kitufe cha kuagiza kilifukiwa huko chini kusikofikika. Oda hazikuja. Mama mdogo akaanza kusema atauza cherehani na kufunga duka.

Dole Gumba alipoijaribu aliujua ugonjwa papo hapo. Kuusema ndiko kulikomshinda. Utamwambiaje mjane kwamba mumewe anafukuza wateja? Mwishowe alijikaza akasema, macho chini. Mama mdogo aliuliza kama sasa anatakiwa amtoe mumewe dukani kwake mwenyewe.

"Hapana, mama. Umpunguze tu. Shika mwenyewe, uikate picha kama unavyokata kitambaa."

Akamwonyesha namna. Mama mdogo akakata ukuta, akakata mabega, akasita sana, kisha akakata kichwa. Ikabaki mikono miwili ikisukuma kitambaa chini ya sindano.

"Watu walifuata mikono hii," alisema. "Sura yenyewe, Mungu amrehemu, haikuwa ya kuuzia nguo."

Walicheka mpaka machozi yakawatoka, na ya mama mdogo hayakuwa ya kicheko peke yake.

Dole Gumba akaipunguza picha uzito na kukipandisha kitufe hadi papo chini yake. Ukurasa sasa unafunguka kabla hujakohoa. Wapo mafundi wa tovuti wangeifuta picha ile na kwenda zao. Huyu mimi nampa heko.

Wiki ileile oda iliingia, na mteja akauliza kama mwenye mikono ile ndiye atakayemshonea. Dole Gumba alitaka kumjibia, mama mdogo akamzuia. Aliandika mwenyewe, polepole:

"Ndiye aliyenifundisha. Lete kitambaa."