Marahaba niliyompa baba mkwe

Leo nimemwitikia baba mkwe wangu marahaba.

Ngojeni, msinihukumu kwanza.

Kompyuta ya stationari yetu hapa Mabwerebwere imezeeka. Ukifungua folda kwa mausi, unaweza kwenda kunywa chai ukarudi. Kwa hiyo asubuhi mimi na mwenzangu Hamisi tulikuwa tunachagua programu ya kupangia mafaili kwenye terminali, ile skrini nyeusi ya kuandika amri. Yeye anataka yenye madirisha mawili. Mimi nang'ang'ania yenye safu tatu, unapita kwa kibodi tu.

Ubishi umepamba moto, mtu akaingia. Sikugeuka.

Akasimama. Akakohoa. Mwishowe akasema, "Shikamoo."

"Marahaba," nikajibu, macho kwenye skrini.

Hamisi akanipiga kiwiko.

Kugeuka, baba mkwe huyo, katoka Tindiga na flashi ya picha za harusi yetu, anataka moja aichapishe.

Niliomba radhi mpaka magoti yakagusa sakafu. Kisha, katika kujiokoa, nikamwonyesha programu ya kutafuta. Niliandika herufi chache tu, picha yake ikaja.

Akaitazama kwa utulivu.

"Inatafuta haraka. Hebu iambie itafute na adabu yako, labda imo humohumo."

Hamisi alitoka nje kwenda kucheka.

Wenye wakwe, hili linafutwa na kuku au mbuzi?

Nauliza kwa sababu nimefika nyumbani sasa hivi, na mke wangu amenipokea mlangoni kwa heshima zote:

"Shikamoo, babu."